Kabla ya Kubadili Programu ya Ngoma: Dalili, Vyanzo na Uchaguzi Sahihi

Mtu anayetengeneza muziki nyumbani hapa Dodoma, iwe katika chumba cha nyuma kule Nkuhungu au katika sebule iliyogeuzwa studio Kisasa, hana njia rahisi ya kurekodi seti halisi ya ngoma. Seti hiyo inahitaji maikrofoni nne au zaidi, kifaa cha kuingizia sauti chenye milango ya kutosha, majirani wavumilivu, na chumba ambacho bati lake halitageuka kuwa kelele mvua zinapoanza mwezi wa Desemba. Ndiyo maana programu za sampuli za ngoma, yaani zile zinazohifadhi mapigo yaliyorekodiwa katika studio nyingine na kuyacheza unapobonyeza kibodi, zimekuwa msingi wa biti nyingi zinazotoka majumbani.

Shida ni kwamba programu hizi hubadilishwa mara nyingi kwa sababu zisizo sahihi. Sauti ikichelewa, mtu hutafuta programu nyingine. Ikikwaruza, hutafuta nyingine tena. Biti ikikosa uhai, huambiwa na wenzake kwamba anahitaji programu kubwa zaidi. Dalili hizo zina vyanzo tofauti kabisa, na nyingi kati yake haziondoki kwa kubadili programu. Mwongozo huu unachukua dalili moja baada ya nyingine, unaeleza namna ya kutambua chanzo chake, kisha unaonyesha kama dalili hiyo inapaswa kuathiri uchaguzi wa programu au la.

Kwa kila dalili, anza kwa jaribio lile lile. Fungua mradi mtupu, weka programu ya ngoma peke yake bila efekti yoyote, na ucheze mmoja wa midundo iliyokuja pamoja nayo. Tatizo likitoweka, chanzo kimo ndani ya mradi wako wa awali. Likibaki, chanzo ni programu, kompyuta au kifaa cha sauti. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kwa sababu ukibadilisha viwili kwa pamoja na tatizo likaondoka, hutajua ni kipi kilichoponya.

Programu imesakinishwa lakini haionekani, au inaonekana bila kutoa sauti

Ikiwa programu haionekani kabisa ndani ya programu yako ya kurekodia, kagua kwanza aina ya plagini, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu ya kurekodia. Logic na GarageBand husoma plagini za AU pekee, na Pro Tools husoma AAX pekee, ilhali FL Studio, Reaper na Cubase hutumia VST. Kwenye Windows, plagini za VST3 huwekwa katika folda ya VST3 iliyomo ndani ya Common Files, na programu za kurekodia huitafuta hapo zenyewe; zile za VST za zamani zinaweza kuwa kwenye folda yoyote, hivyo ni lazima uelekeze programu yako mahali zilipo. Plagini ya biti 32 iliyotengenezwa miaka mingi iliyopita huenda ikakataliwa na programu ya biti 64, na kwa maoni yangu ni afadhali kuiacha kuliko kuhangaika na madaraja ya kuiunganisha.

Ikiwa dirisha linafunguka, ngoma zinaonekana, lakini hakuna sauti, mara nyingi programu imepoteza njia ya kufikia maktaba ya sampuli zake. Hali hii hutokea hasa pale maktaba inapowekwa kwenye diski ya nje, kisha Windows ikaipa diski hiyo herufi nyingine ulipoichomeka siku iliyofuata. Ipe diski herufi ya kudumu katika mipangilio ya Windows, kisha uelekeze programu upya. Nakala zinazopitishwa mkono kwa mkono kwa flashi bila leseni huonyesha dalili hii hii, kwa kuwa mara nyingi hukosa sehemu ya faili. Na kwa kuwa zipo programu nzuri za bure, hakuna sababu ya kuhatarisha kazi yako na kompyuta yako kwa nakala za namna hiyo.

Unabonyeza, sauti inafuata baadaye

Swali la kwanza ni unasikiliza kwa kifaa gani. Visikilizaji vya Bluetooth huongeza ucheleweshaji ambao kwa kawaida ni milisekunde 100 hadi 200, na wakati mwingine zaidi. Hakuna programu ya ngoma inayoweza kuuondoa. Chomeka hedifoni za waya kabla ya kugusa mpangilio wowote. Hatua hii ndogo humaliza malalamiko mengi.

Ikiwa ucheleweshaji unabaki, angalia bafa. Kompyuta hukusanya vipimo vya sauti kwa mafungu kabla ya kuvitoa, na ukubwa wa fungu hilo ndio unaoamua muda wa kusubiri. Kwa kasi ya vipimo 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1,024 huchukua takriban milisekunde 23, ya 512 huchukua karibu 12, ya 256 karibu 6, na ya 128 karibu 3, bila kuhesabu muda mdogo unaoongezwa na kifaa chenyewe. Kwa kuwa sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, milisekunde 12 ni sawa na kusikiliza ngoma iliyo mita nne kutoka ulipo, umbali ambao mpigaji wa jukwaani huuzoea. Milisekunde 23 zinaanza kuuzuia mkono, hasa kwenye haihati (matoazi mawili yanayofungwa na kufunguka) za haraka.

Huenda bafa ikakataa kushuka kwa sababu ya draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa cha sauti. Kwenye Windows, draiva za kawaida za kadi ya sauti iliyomo ndani ya kompyuta hazikutengenezwa kwa kazi hii. Ikiwa una kifaa cha sauti cha nje, sakinisha draiva ya ASIO ya mtengenezaji wake. ASIO ni utaratibu ulioanzishwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ili sauti isipitie tabaka nyingi za Windows. Ikiwa huna kifaa hicho, ASIO4ALL hupatikana bure, na FL Studio huja na draiva yake iitwayo FL Studio ASIO. Kwenye kompyuta za Mac, Core Audio iliyomo tayari inatosha.

Kuna vyanzo vingine viwili ambavyo watu huvisahau. Ikiwa ni ngoma moja tu inayochelewa na nyingine zinaitika sawasawa, fungua sampuli yake na uivute karibu kwenye skrini. Utaona ukimya mfupi mwanzoni mwa faili, jambo la kawaida kwenye vifurushi vya bure, na dawa yake ni kuukata. Na ikiwa uchelewaji umeongezeka kadiri mradi ulivyokua, zima efekti zilizo kwenye mkondo mkuu, hasa limita na ikwalaiza zile zinazosubiri kusikia sauti ijayo kabla ya kuifanyia kazi. Rekodi kwanza, kisha uziwashe tena.

Katika vyanzo vyote hivyo, hakuna hata kimoja kinachotokana na programu ya ngoma uliyochagua. Anayelipia programu mpya kwa ajili ya dalili hii atabaki na dalili yake.

Sauti inakwaruza au kukatika-katika

Hapa bafa inarudi kwa upande wa pili: ikiwa ndogo mno, kompyuta haipati muda wa kumaliza hesabu zake kabla ya fungu linalofuata kuhitajika, na pengo hilo husikika kama mkwaruzo. Utaratibu unaofaa ni kurekodi kwa bafa ya 128 au 256, kisha kuipandisha hadi 1,024 wakati wa kumiksi, ambapo uchelewaji hauna madhara.

Ikiwa mkwaruzo unaendelea hata bafa ikiwa kubwa, fungua dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu na diski huku mdundo ukiendelea. Diski ikifika asilimia 100 wakati prosesa iko chini, umepata jibu. Maktaba kubwa hupakia mwanzo tu wa kila sampuli kwenye kumbukumbu na kusoma sehemu iliyobaki kutoka kwenye diski wakati ngoma inalia. Diski ya kuzunguka, ambayo lazima isogeze kichwa chake kutoka faili moja hadi nyingine, hulemewa pale krashi (toazi kubwa), tomu (ngoma za kati) na haihati zinapodaiwa kwa pamoja. Kuhamishia maktaba kwenye SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, ndiyo matumizi bora ya fedha kwa mtu mwenye dalili hii. Kumbukumbu ikijaa, funga kivinjari, kisha uingie kwenye programu ya ngoma na uzime maikrofoni za chumba usizozihitaji, maana kila maikrofoni ni seti nyingine nzima ya sampuli.

Zipo dalili mbili ambazo mkazi wa kanda hii anapaswa kuzifahamu vizuri. Ya kwanza ni mradi unaocheza vyema asubuhi na kukwaruza alasiri, au unaoharibika baada ya nusu saa ya kazi. Prosesa inapopata joto kali hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na katika miezi ya Oktoba na Novemba, chini ya bati, feni iliyojaa vumbi la Dodoma haiwezi kuipoza. Safisha feni, inua kompyuta ili hewa ipite chini yake, usiiweke juu ya godoro wala kitambaa, na urudie mradi ule ule ikiwa imepoa ili uthibitishe. Dalili ya pili ni mkwaruzo unaoanza umeme unapokatika. Kompyuta mpakato nyingi hushusha kasi ya prosesa zinapohamia kwenye betri. Chagua mpangilio wa nguvu unaoruhusu kasi kamili hata kwenye betri, ukikubali kwamba chaji itaisha mapema.

Dalili hii, tofauti na iliyotangulia, inapaswa kweli kuathiri uchaguzi wako. Mwenye kompyuta ya kumbukumbu ya GB 8 na diski ya kuzunguka atafanya kazi kwa amani na MT Power Drum Kit 2, ambayo ni ya bure na ndogo, au na Addictive Drums 2 ya kampuni ya XLN Audio akichukua seti moja tu. Superior Drummer 3 ya Toontrack, iliyotoka mwaka 2017, ina maktaba inayozidi GB 200 na, ingawa inaweza kusakinishwa kwa sehemu, imekusudiwa kompyuta yenye nguvu na mtu anayetaka kuamua mwenyewe kiasi cha sauti cha kila maikrofoni iliyokuwa chumbani.

Biti inasikika kama mashine

Dalili hii ndiyo inayowatoa watu fedha nyingi, na ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa subira kuliko zote. Ifanyie majaribio matatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, tazama noti zako mwenyewe. Kila noti ya MIDI, lugha ambayo kibodi na programu hutumia kupashana noti, hubeba velositi, yaani nguvu ya pigo, kati ya 1 na 127. Ukichora noti kwa kipanya, programu nyingi huzipa zote velositi moja, na mpigaji halisi hana mkono wa namna hiyo. Ikiwa noti zako zote zinalingana, chanzo kiko mbele yako na hakuna maktaba duniani itakayokitibu, kwa sababu hata maktaba yenye mapigo elfu itaambiwa icheze pigo la nguvu ile ile kila mara.

Pili, weka noti za sneya (ngoma yenye nyaya chini yake) zinazopanda taratibu kutoka velositi ya chini kabisa hadi 127, kisha usikilize rangi ya sauti, si ukubwa wake tu. Sneya halisi ikiguswa kwa upole hutoa mchakato wa nyaya zake za chini na mwili kidogo. Ikipigwa kwa nguvu hutoa mlipuko mkali wenye kung'aa. Ikiwa unachosikia ni sauti ile ile inayopanda kama redio inayoongezwa, basi programu hiyo, au seti hiyo, ina tabaka moja tu la sampuli.

Tatu, weka noti kumi na sita za sneya zenye velositi sawa, moja baada ya nyingine kwa haraka. Programu nzuri huzungusha sampuli kadhaa za nguvu ile ile, ili kila pigo litofautiane kidogo na lililotangulia. Isiyozungusha hutoa mlio wa kujirudia unaofanana na bunduki, na sikio huugundua mara moja hata kwa msikilizaji asiyejua lolote kuhusu utengenezaji wa muziki.

Ukishindwa jaribio la kwanza, fanya kazi kwenye noti. Zipe haihati msisitizo unaopishana, weka mapigo madogo ya sneya kati ya yale makubwa kwa velositi ya 20 hadi 40, na ukumbuke kwamba mpigaji ana mikono miwili tu, hivyo haihati inapaswa kunyamaza pale mikono yote miwili inaposhughulika na tomu. Kuhusu muda, usinyooshe kila noti kwenye gridi. Acha kiki (ngoma kubwa ya mguu) ikae pale pale na uisogeze sneya nyuma kwa milisekunde chache, ukilinganisha na gitaa la besi. Kitufe cha kuchanganya noti kiholela, ambacho programu nyingi zinacho, sikipendekezi sana: mpigaji hakosei kiholela, bali huegemea mbele au nyuma kwa nia, na nia hiyo hupatikana vizuri zaidi ukirekodi kwa vidole viwili kwenye pedi kuliko ukiiachia kompyuta ibahatishe.

Ukishindwa jaribio la pili na la tatu ilhali noti zako ziko sawa, hapo ndipo kubadili programu kuna maana. Programu hizi zimegawanyika katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa seti zilizorekodiwa kwa kina, kama EZdrummer na Superior Drummer za Toontrack, Addictive Drums, Steven Slate Drums, ambayo ina pia toleo la bure, na MT Power Drum Kit. Ukoo wa pili ni wa pedi ambazo mtumiaji hupachika sampuli anazozitaka, kama Battery ya Native Instruments, FPC iliyomo ndani ya FL Studio, Drum Rack ya Ableton Live, na Sitala yenye pedi 16.

Uchaguzi kati ya koo hizi hutegemea muziki unaotengeneza. Kwaya inayotaka sauti ya bendi kamili, yenye sneya inayozungumza na haihati inayofunguka na kufunga, inahitaji ukoo wa kwanza, na hapo tabaka nyingi za velositi ni lazima. Anayetengeneza Bongo Fleva yenye kiki ya namna ya TR-808, mashine iliyotolewa na Roland mwaka 1980, hana haja nazo. Mapigo yanayofanana ndiyo tabia ya sauti hiyo, na pedi za FPC zinatosha kabisa. Kwa Singeli, ambayo kasi yake hufika kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, jambo la kutazama ni urefu wa sampuli. Kwa kasi ya 250, robo ya pigo moja ni milisekunde 60 tu. Sampuli ndefu zitapandana, zitatia ukungu kwenye sauti na kumaliza nguvu ya kompyuta. Chagua programu inayokuruhusu kufupisha mkia wa kila pedi na kuamuru pigo jipya likate lililotangulia.

Unabonyeza kiki, inalia tomu

Hili ni suala la ramani ya noti. Katika utaratibu wa General MIDI wa mwaka 1991, kiki iko kwenye noti 36, sneya 38, haihati iliyofungwa 42, iliyofunguka 46, krashi 49 na raidi 51. Watengenezaji wengi hufuata namba hizi kwa ngoma kuu na kisha kwenda njia zao kwa ngoma nyingine, kwa hiyo mdundo uliotengenezwa kwenye programu moja unaweza kuvurugika kwenye nyingine. Tumia namba badala ya majina ya noti, kwa kuwa majina yenyewe hutofautiana: noti 36 huitwa C1 kwenye Ableton Live na C3 kwenye FL Studio, na tofauti hiyo imewapotezea watu wengi jioni nzima. Ikiwa unatumia seti ya ngoma za kielektroniki, tafuta programu yenye ramani zilizo tayari za seti yako, na inayokuruhusu kuhifadhi ramani unayoirekebisha.

Ngoma ni kali zikiwa peke yake, lakini zinapotea kwenye wimbo

Seti nyingi hutengenezwa ili zivutie dukani: tayari zina kompresa, mwangwi na ikwalaiza. Ukiziingiza kwenye wimbo wenye sauti nyingi, mwangwi huo hupigana na mwangwi wa waimbaji, na kiki hupoteza ncha yake. Zima efekti zote za ndani ya programu na usikilize tena. Ikiwa programu haikuruhusu kuzizima, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuiacha.

Chanzo kingine ni kupandanisha kiki mbili ukitarajia nguvu mara mbili. Mawimbi yake yakipishana kwa milisekunde 10, sauti ya hezi 50 ya kiki moja hushuka wakati ya nyingine inapanda, na uzito wa chini hufutika badala ya kuongezeka. Geuza polariti (mwelekeo wa wimbi) ya moja au isogeze hadi chini irudi. Aghalabu kiki moja iliyochaguliwa vizuri hushinda tatu zilizopandanishwa.

Hakikisha pia kwamba programu inaweza kupeleka kila ngoma kwenye mkondo wake wa miksa. Programu inayotoa ngoma zote kwenye mkondo mmoja wa stereo itakufanya uongeze sneya na kujikuta umeongeza na krashi. Hiki ni kigezo ninachokiweka juu ya ukubwa wa maktaba.

Upakuaji haumaliziki, au programu inadai leseni upya

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya bando. Maktaba ya GB 40 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua karibu saa 18, bila umeme kukatika hata mara moja. Chagua mtengenezaji ambaye kipakuzi chake huendelea pale kilipoishia na kinachogawa maktaba katika vipande, kisha uhifadhi nakala ya faili zilizopakuliwa kwenye diski nyingine ili usirudie gharama hiyo ukibadilisha kompyuta. Soma masharti ya leseni: ni kompyuta ngapi zinaruhusiwa, na kama programu inahitaji intaneti mara kwa mara au mara moja tu wakati wa kuanza. Kwa studio inayokaa siku nyingi bila mtandao, programu inayohitaji kuthibitishwa kila baada ya muda ni usumbufu wa kudumu. Kwa upande wa programu ya kurekodia, Reaper hukupa siku 60 za majaribio bila kufungiwa chochote, muda unaotosha kulinganisha plagini kadhaa za bure juu ya wimbo mmoja.

Mdundo unaoutaka haumo kabisa

Maktaba za msingi za ukoo wa kwanza zimejengwa juu ya seti ya Kimagharibi, na midundo iliyokuja nayo mingi ni ya pigo nne. Anayetaka muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, atapitia folda zote bila kuipata, kisha atajaribu kuiiga kwa konga za Kuba, na yeyote aliyekulia Chamwino atajua papo hapo kwamba siyo. Hapa tatizo ni la uchaguzi hasa: unahitaji programu inayopokea sampuli zako mwenyewe kwa tabaka za velositi. Toleo la kwanza la Sitala halifai kwa hili, kwani huweka sampuli moja kwa kila pedi. Hydrogen, ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac, hukubali tabaka. Decent Sampler, nayo ya bure, hukubali tabaka pamoja na kuzungusha sampuli, ingawa utaandika faili fupi ya maelezo. Battery hufanya yote mawili kwa kulipia.

Rekodi katika kikao kimoja. Ngozi ikipata unyevu hulegea na ikipashwa joto hukaza, hivyo mapigo ya asubuhi hayatalingana na ya alasiri hata kama ngoma ni ile ile na mpigaji ni yule yule. Zungumza na mpigaji mapema kuhusu malipo yake na matumizi ya sauti yake, kwa sababu sampuli hizo zitaishi ndani ya nyimbo nyingi. Weka maikrofoni takriban nusu mita kutoka kwenye ngozi, rekodi kwa biti 24, na uache vilele vya sauti karibu na dB 12 chini ya kikomo. Ukitumia simu, zima urekebishaji wa sauti wa moja kwa moja, la sivyo pigo la upole litakuzwa hadi lilingane na la nguvu na tabaka zako zitapoteza maana.

Omba pigo la wazi na pigo la kuziba, kila moja kwa viwango vitatu vya nguvu, na mapigo manne kwa kila kiwango. Hayo ni mapigo 24. Yakiwa ya sekunde mbili kila moja, kwa mkondo mmoja wa vipimo 48,000 kwa sekunde, jumla yake ni kama MB 7 tu. Kata ukimya wa mwanzo wa kila faili, usisawazishe ukubwa wake, na uyapange mapigo ya upole kwenye velositi 1 hadi 50, ya kati 51 hadi 95, na ya nguvu 96 hadi 127. Mwisho, yaweke pigo la wazi na la kuziba kwenye kundi moja la kukatana, ili pigo la kuziba linyamazishe mlio wa wazi kama kiganja kinavyofanya, kisha weka mradi kwenye pigo la 12/8 na urudie jaribio la velositi kutoka 1 hadi 127. Ukisikia mruko wa ghafla kati ya tabaka mbili, sogeza mpaka wake kwa hatua ndogo hadi mruko huo upotee.